Nyota, Beji na Pointi: Maswali ya Wazazi na Walimu Kuhusu Zawadi za Kimchezo Katika Masomo ya Mtandaoni

Ukurasa huu ni wa mzazi anayemwona mwanawe akishangilia nyota kwenye simu asijue kama anajifunza au anacheza tu. Ni wa mwalimu pia, yule anayeendesha darasa la mtandaoni na kutaka watoto warudi kesho bila kubembelezwa. Majibu mengine ni marefu na mengine ni ya mistari miwili, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani uzito.

Zawadi za kimchezo ni zipi hasa?

Ni vile vitu ambavyo programu humpa mtoto anapofanya zoezi: pointi, nyota, beji, kupanda ngazi, vito vya kununulia kofia ya katuni yake, msururu wa siku alizosoma bila kukosa, na jedwali la vinara linaloonyesha nani yuko juu ya nani. Ukifungua Khan Academy, programu ya masomo ya shule, utakuta pointi za nishati na beji zilizopewa majina ya angani, kuanzia Kimondo hadi Shimo Jeusi. Duolingo, ya kujifunza lugha, ina msururu wa siku na ligi za kila wiki. Kahoot, mchezo wa maswali ya darasani uliotoka Norwei mwaka 2013, hutoa pointi kwa jibu sahihi na kumwongezea anayejibu haraka. ClassDojo humpa kila mtoto katuni yake, na mwalimu humwongezea pointi kadiri anavyoona inafaa.

Usichanganye zawadi hizi na mchezo wa kujifunza. Programu inayomtaka mtoto agawanye maembe 12 kwa tumbili 4 ndipo lango lifunguke, hiyo imeifanya hesabu yenyewe kuwa mchezo. Programu inayompa hesabu kumi za kugawanya kisha nyota ya dhahabu imebandika mchezo juu ya hesabu. Zote zina mahali pake. Ila ya pili ndiyo inayotuletea maswali mengi, na ndiyo ninayoizungumzia hapa zaidi.

Je, zinamsaidia mtoto kujifunza, au ni kelele tu?

Zinasaidia kumfanya aanze na kumfanya arudi. Baada ya hapo kila kitu kinategemea zoezi lililo chini ya zawadi, na hapo ndipo wengi wetu tunadanganywa na mng'aro.

Mfano mkubwa tulio nao kwa Kiswahili ni wa Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017, katika shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Hakukuwa na mwalimu wa kuwaketisha. Asilimia 74 ya watoto hao iliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Programu tano ziliingia fainali, na Mei 2019 mbili kati yake, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Baada ya miezi 15, idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu.

Fikiria mazingira yale. Mtoto hana mwalimu wa kumkemea wala mtihani wa kuogopa, na anaweza kukiacha kishikwambi nyumbani akaenda kuchunga au kucheza mpira. Ninaamini kilichomrudisha hakikuwa hesabu ya nyota alizokusanya. Alirudi kwa sababu kila alipogusa kioo alijibiwa papo hapo, kwa sauti na picha, kwa lugha anayoielewa, na zoezi lililofuata halikumzidi kimo. Hiyo ndiyo zawadi ya kwanza ambayo programu nzuri humpa mtoto: kujua mara moja kama amepata au amekosa, kisha kupewa nafasi nyingine bila aibu.

Lakini takwimu ile tuisome yote. Wapo waliobaki bila kusoma, na si wachache. Vishikwambi vilifungua njia pasipokuwa na njia kabisa, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo havikuondoa haja ya mtu mzima wa kuketi karibu na mtoto aliyekwama.

Nimesikia kwamba zawadi zinaua hamu ya mtoto. Ni kweli?

Zinaweza, na hali ambamo zinaiua inajulikana vizuri.

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walitoa taarifa ya jaribio walilofanya katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Waliwachagua watoto wadogo ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe iwapo lingechora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila lilipomaliza lilipewa cheti kilekile bila kutarajia. Kundi la tatu lilichora tu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena darasani, bila ahadi yoyote, na watoto wakatazamwa. Walioahidiwa cheti walitumia asilimia 8.6 tu ya muda wao kuchora. Ambao hawakupewa kitu walitumia asilimia 16.7, na waliopewa bila kutarajia asilimia 18.1. Ahadi ilikuwa imekata hamu kwa karibu nusu.

Mwaka 1999 Edward Deci, Richard Koestner na Richard Ryan walikusanya tafiti 128 za aina hii na kuona mwelekeo uleule: zawadi ya kushikika, iliyoahidiwa mapema, hupunguza hamu ya ndani, yaani ya kufanya jambo kwa kulipenda lenyewe, na huwaumiza watoto kuliko wanafunzi wa chuo. Maneno ya kumweleza mtu amefanya vizuri wapi hayakuwa na madhara hayo.

Sasa tazama walivyochaguliwa watoto wa Stanford: walikuwa wanapenda kuchora tayari. Mtoto anayependa kusoma hadithi mwachie hadithi zake. Usimhesabie kurasa kwa nyota. Anayechukia jedwali la kuzidisha, ambaye hajawahi kukaa nalo muda wa kutosha kuonja raha ya kulijua, huyo hana hamu ya kuuliwa, na nyota chache za kumvusha wiki za mwanzo hazitamdhuru. Wazazi wengi hufanya kinyume. Wanamwahidi zawadi yule anayefanya vizuri kwa furaha yake, na anayekwama wanamkaripia.

Tunao pia ushahidi wa kwetu unaotuzuia kuogopa kila zawadi. Mwaka 2001, magharibi mwa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso za wakati huo, wasichana wa darasa la sita waliambiwa kwamba asilimia 15 bora katika mtihani watapata ufadhili kwa miaka miwili: kila mwaka shilingi 500 kwa shule yao na shilingi 1,000 kwa familia kwa ajili ya vifaa, pamoja na kutambuliwa hadharani mbele ya wazazi. Michael Kremer, Edward Miguel na Rebecca Thornton waliofuatilia mpango huo waliona alama zikipanda, hasa Busia. Wasichana ambao mwanzoni hawakuwa na dalili yoyote ya kushinda walipanda nao, na hata wavulana, ambao hawakuhusika kabisa na tuzo, walionyesha maendeleo. Walimu walihudhuria zaidi. Watafiti walitafuta dalili za hamu ya ndani kuharibika na hawakuziona.

Naona sababu mbili za tofauti hii. Tuzo ya Busia iligusa haja halisi ya familia, na kijiji kizima kiliibeba: mzazi aliuliza, mwalimu alifika, msichana alionekana. Nyota inayotolewa na simu chumbani, ambayo hakuna mtu mwingine nyumbani anayeijua, haina nguvu hiyo. Kwa hiyo kama mwanao anapata beji mtandaoni, kaa naye akuonyeshe aliipataje. Dakika tano za kumsikiliza zinafanya kazi kuliko beji yenyewe.

Nimtuze kwa alama alizopata au kwa juhudi?

Mtuze kwa jambo ambalo mtoto anaweza kuamua kulifanya leo jioni na akalifanya.

Roland Fryer, mchumi wa Harvard, alijaribu malipo ya fedha kwa wanafunzi katika miji kadhaa ya Marekani na kutoa matokeo mwaka 2011. Huko Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali yake kwenye kompyuta. New York, wa darasa la nne na la saba walilipwa kwa alama za mitihani. Malipo ya alama New York hayakuleta mabadiliko. Dallas kulikuwa na dalili za ufahamu wa kusoma kupanda, ingawa si kwa watoto wote: zilionekana kwa waliopimwa kwa Kiingereza. Kinachonigusa zaidi ni kwamba wale wa New York walipoulizwa wangefanya nini ili walipwe zaidi, walitaja mbinu za chumba cha mtihani, kama kusoma swali kwa makini zaidi. Hawakutaja kusoma zaidi wala kumwuliza mwalimu. Walitaka fedha kweli, ila hawakujua njia ya kufika kwenye alama.

Ukimwambia mtoto "ukipata 90 nitakununulia baiskeli" unamwacha na hamu ya baiskeli tu. Mwambie hivi: "Kila jioni ukisoma ukurasa mmoja kwa sauti na ukanisimulia ukurasa huo unasema nini, tunabandika nyota." Hapo umempa kazi anayoielewa.

Vivyo hivyo kwa walimu mnaotengeneza beji zenu. Beji iitwayo "Bingwa" haimwambii mtoto chochote. Beji iitwayo "Najua kusoma saa" au "Nimemfundisha mwenzangu jedwali la 7" inamwambia yeye, mama yake na mwalimu wa muhula ujao nini hasa kimeingia kichwani.

Jedwali la vinara je? Watoto wangu wanalipenda sana.

Wanaolipenda ni walio juu. Waulize walio nafasi ya 20 na 30, kama bado wanaingia darasani.

Mjadala huu si mgeni kwetu. Kenya ilitangaza mwaka 2014 kuacha kupanga wanafunzi na shule kwa nafasi katika matokeo ya mitihani ya taifa, na mabishano hayajaisha tangu hapo. Tanzania, Januari 2023, Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Itakuwa ajabu tukiondoa orodha hizo magazetini kisha tuzirudishe, zikisasishwa kila dakika, kwenye simu ya mtoto wa darasa la tatu.

Kama ni lazima muwe na jedwali, lifanyeni lisiwe la milele. Lianze upya kila Jumatatu, ili aliyekosa wiki hii aone mlango uko wazi. Lihesabu mazoezi yaliyorudiwa na kusahihishwa, si majibu ya haraka. Afadhali zaidi liwe la timu: watoto wanne wanne, mchanganyiko, pointi zao zikijumlishwa pamoja, na yule anayejua apate pointi kwa kumwelekeza mwenzake. Au darasa zima liwe na lengo moja, labda kusoma hadithi 100 kabla ya likizo, na jedwali lionyeshe wamefika wapi kwa pamoja. Na mtoto asiyetaka jina lake lionekane asilazimishwe.

Mwanangu analia msururu wake wa siku ukikatika. Nifanye nini?

Kwanza mwambie alichojifunza hakijafutika, na umthibitishie kwa kumuuliza swali la wiki iliyopita analolijua.

Msururu wa siku ni chombo chenye nguvu kwa sababu unamfanya mtu aogope kupoteza alichonacho. Kwa mtu mzima anayejifunza lugha unaweza kumfaa. Kwa mtoto, na hasa mtoto wa kwetu, si haki hata kidogo. Umeme unakatika. Bando linaisha. Simu ni ya baba na baba yuko safarini. Kuna msiba, kuna homa, kuna kwenda shamba. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kosa la mtoto, lakini programu inamwandikia sifuri kana kwamba amefanya uvivu.

Badala yake hesabuni wiki: siku tatu za kusoma kati ya saba, zozote zile, na wiki imehesabika. Programu nyingine zina njia ya kugandisha msururu usikatike. Itumieni bila kuona haya. Ikiwa programu inamtumia mtoto arifa za kumtia hatia, zima arifa hizo zote katika mipangilio ya simu.

Anabonyeza ovyo ovyo hadi apate jibu, mradi achukue nyota.

Hilo ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na si ujanja mbaya wa mtoto. Ameelewa sheria za mchezo mlizompa: nyota inatolewa kwa kufika mwisho, basi anafika mwisho.

Ryan Baker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walilichunguza jambo hili kwa wanafunzi waliotumia programu za hesabu, na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Waliona kwamba wanafunzi wanaoichezea programu shere kwa kubahatisha mfululizo au kubonyeza msaada hadi jibu litoke walijifunza kidogo kuliko wenzao, na tabia hiyo iliendana na matokeo mabaya kuliko hata kupiga soga darasani. Anayepiga soga, akirudi kwenye zoezi, analifanya. Anayebahatisha halifanyi kabisa, ingawa skrini inaonyesha amemaliza.

Dalili utaziona: zoezi la dakika kumi linaisha kwa dakika mbili, nyota ni nyingi lakini ukimpa hesabu ileile kwenye karatasi anakutazama tu. Dawa ni kubadili kinacholipwa. Zima mashindano ya muda. Jibu la kwanza liwe na uzito kuliko la tatu. Kabla ya nyota, mtoto atume sauti fupi kwenye grupu la WhatsApp akieleza amepataje jibu. Mwalimu mwenye watoto 40 hawezi kusikiliza zote kila siku, achague tano, na watoto wasijue ni zipi. Aliyekosea lakini akaeleza vizuri wazo lake apate nyota pia. Hili la mwisho walimu wengi hulionea shaka, nami nalisisitiza, kwa sababu kosa lililoelezwa ni kosa unaloweza kulitibu.

Sina simu janja wala bando la kutosha. Yote haya yananihusu vipi?

Yanakuhusu sana. Nguvu ya zawadi za kimchezo haiko kwenye rangi za skrini. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza TBC1 Januari 2014, kiliwauliza watoto maswali ya hesabu na sayansi wakajibu kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya kitochi. Kenya, kampuni ya Eneza kupitia huduma yake ya Shupavu 291 imetuma masomo na maswali kwa ujumbe mfupi kwa mtoto mwenye simu ya aina yoyote, akapata marekebisho bila kungoja daftari lirudi. Hakuna kito wala katuni yenye kofia. Kuna swali, jibu, na kujua umefika wapi.

Sisi wenyewe tumekuwa na mchezo huu kabla ya umeme. Kitendawili! Tega! Ukishindwa unaombwa mji, unautoa, aliyetega anajitapa amefika Mombasa au Unguja na kula alichokula huko, kisha anakupa jibu. Angalieni jinsi ulivyopangwa vizuri. Zawadi ni ya kuwaziwa tu, haimgharimu mtu kitu, na inachekesha. Aliyeshindwa haondoki mikono mitupu, kwa sababu amepewa jibu na kesho atamtegea mwingine kitendawili hichohicho. Programu chache sana za leo zinamtendea hivyo mtoto aliyekosa. Nyingi zinampokonya moyo mmoja na kumwonyesha alama nyekundu.

Kwa hiyo fanya hivi na ulichonacho. Chora ramani ya miji kwenye karatasi ya kalenda ya zamani na uibandike ukutani: Lamu, Tanga, Kigoma, Bukavu, Mwanza, Kisumu. Kila ujuzi mpya ni mji mmoja. Maswali yaje kwa ujumbe mfupi au kwa simu ya mwalimu mara moja kwa wiki, na mtoto apake rangi mji mwenyewe. Mtoto akipaka rangi kwa mkono wake anajua alipata mji huo kwa kazi gani.

Nimpe fedha, pipi au muda wa katuni?

Pipi hapana. Fedha, kwa watoto wadogo, hapana pia. Muda wa katuni ukiwa ndio malipo ya kusoma, umemfundisha mtoto kwamba katuni ni raha na kusoma ni adhabu ya kuifikia. Zawadi nzuri ni ile inayorefusha somo lenyewe: kitabu kipya, kuchagua hadithi ya usiku, kuongoza wengine katika swali la kesho, kwenda na babu sokoni ahesabu chenji.

Programu inamwomba anunue vito au afungue kisanduku cha bahati.

Iondoe, au zima ununuzi kabisa. Sina jibu laini kwa hili.

Kisanduku ambacho hujui kina nini hadi ukilipie kinafanya kazi kwa kanuni ileile ya mashine za kamari: zawadi inayokuja bila mpangilio humshika mtu kuliko inayokuja kwa utaratibu, jambo ambalo mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha kwa njiwa na panya zamani sana. Ubelgiji mwaka 2018 iliamua kwamba visanduku vya kulipia vya aina hii ni kamari. Marekani, Desemba 2022, tume ya biashara FTC ilitangaza kwamba Epic Games, kampuni ya mchezo wa Fortnite, italipa dola milioni 245 za kurudishia wateja, kwa madai ya kuwatega wachezaji, watoto wakiwemo, wakanunua bila kukusudia. Hiyo ilikuwa programu ya burudani. Katika programu inayojiita ya elimu mbinu hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa mzazi ameshusha ulinzi wake.

Weka neno la siri kwenye duka la programu la simu yako, usimpe mtoto PIN ya M-Pesa hata kwa dakika moja, na angalia kama kifurushi cha malipo kinajirudia chenyewe kila mwezi.

Mtoto wangu anasoma polepole. Michezo ya haraka inamvunja moyo.

Mwombe mwalimu arefushe muda. Katika Kahoot swali linaweza kupewa hadi dakika 4. Mtoto mwenye shida ya kusoma, ya kuona au ya mkono anaweza kujua jibu sawasawa na mwenzake, akashindwa tu kwa sekunde. Kumnyima pointi kwa hilo ni kupima kidole chake. Kwa mtoto huyu msipime dhidi ya wengine kabisa: mpime dhidi ya yeye wa mwezi uliopita, na umrekodi sauti akisoma ili asikie mwenyewe alivyopanda.

Tunaishi ughaibuni. Nataka wanangu wajifunze Kiswahili mtandaoni lakini pointi zinawachosha baada ya wiki mbili.

Pointi huamsha hamu, haziilishi. Kozi ya Kiswahili ya Duolingo ilianza mwaka 2017 na inafundisha kupitia Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa Toronto au London anaweza kuanza nayo peke yake. Lakini lugha hudumu mtoto akiwa na mtu wa kuzungumza naye. Iunganishe zawadi na mtu. Akimaliza somo la vyakula, Jumamosi ampigie bibi yake Tanga au Mombasa amuulize anapika nini leo, na bibi amjibu pole pole kwa Kiswahili. Akimaliza nambari, amuulize mjomba bei ya samaki. Bibi akicheka na kusema "Mjukuu wangu huyo!" mtoto hatahitaji kuangalia yuko ligi gani. Kwa familia za Muscat au Dubai, ambako wengi wana ndugu wanaozungumza Kiswahili mtaani kwao, ni rahisi zaidi: mtume dukani kwa mzee mmoja aagize kwa Kiswahili.

Kuna programu nzuri isiyo na zawadi?

Scratch, iliyotolewa na chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ya watoto kutengeneza michezo na katuni zao wenyewe. Haina pointi wala beji za kumaliza masomo. Mtoto anatengeneza kitu, anakionyesha, wenzake wanakitumia na kukiboresha. Mitchel Resnick, aliyeongoza kazi hiyo, amekuwa akieleza wazi shaka yake juu ya beji. Kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea mwenye kompyuta karibu, ndiyo ya kwanza ninayopendekeza.

Lini niziondoe zawadi, na vipi?

Ukiona mtoto anaanza zoezi kabla hujamkumbusha, anza kuziondoa. Usiziondoe siku moja, ataona umemwadhibu kwa kufanya vizuri. Kwanza acha kuahidi: nyota ije mara mojamoja, baada ya kazi, bila kutangazwa. Kumbuka watoto wa Stanford waliopewa bila kutarajia, hamu yao haikushuka. Kisha kila nyota ifuatane na maneno mahususi, "umerudia sentensi ile hadi ikanyooka," baadaye maneno peke yake yakatosha. Akirudi nyuma kwa somo jipya lililo gumu, rudisha nyota kwa somo hilo tu.

Naweza kuweka picha na majina ya washindi kwenye grupu la wazazi au Facebook?

Usiweke bila idhini ya mzazi wa kila mtoto. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Septemba 2023 shule moja nchini Kenya ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hilo linahusu pia picha ya jedwali la vinara yenye majina kamili, shule na darasa.

Kwenye jedwali tumia jina la utani ambalo mtoto amejichagulia, Simba au Nyota ya Jaha. Unapomsajili kwenye programu mpya usijaze tarehe kamili ya kuzaliwa wala jina la shule kama hazilazimishwi, tumia barua pepe ya mzazi, na zima ruhusa ya mahali alipo. Programu ikikataa kufanya kazi bila kujua mtoto wako yuko wapi, tafuta nyingine.